Wasia wa Sheikh Ahmad: Kutoka Barua ya Lindi Mpaka Makundi ya Simu



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha uliingia ujumbe katika kundi la WhatsApp (au "grupu" kama vijana wanavyoliita) la wanafunzi wa darsa yetu. Ulikuwa ni ule wasia unaonasibishwa na mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mtunza Msikiti wa Mtume (s.a.w.) mjini Madina. Kabla sijamaliza kuusoma, watu saba walikwisha andika "amin", na mmoja wao ni imamu wa msikiti wa jirani ambaye tulisoma naye Alfiya. Huyo imamu ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Wale sita wengine nisingewalaumu sana.

Kwa asiyeufahamu, muhtasari wa wasia ni huu. Sheikh Ahmad anadai kuwa katika usiku wa Ijumaa, baada ya kusoma Qur'ani, usingizi ulimchukua akamwona Mtume (s.a.w.) akimweleza masikitiko yake juu ya umma: maelfu kwa maelfu wamekufa katika wiki moja wakiwa nje ya Uislamu, Kiama kimekaribia, na mlango wa toba uko karibu kufungwa. Kisha linakuja lile ambalo ndilo roho ya ujumbe wote. Mwenye kuunakili na kuupeleka mji hadi mji atajengewa kasri Peponi. Akiwa fukara atatajirika, akiwa na deni litalipwa. Asiyeufikisha uso wake utasawijika duniani na Akhera. Na mwenye kuutilia shaka amekufuru! Idadi ya waliokufa hubadilika nakala kwa nakala, na wale wanaotajwa kuwa walipata mali kwa kuutangaza, au walipata msiba kwa kuupuuza, huongezwa kulingana na nchi unakopita.

Wasia huu si mtoto wa simu. Mwaka 1884 Mholanzi Snouck Hurgronje, ambaye mwaka uliofuata aliingia Makka na kuishi humo kwa miezi kadhaa, aliandika makala juu ya nakala zake zilizokuwa zimezagaa katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia. Mwaka 1908 ukatua kwetu. Katika mji wa Lindi na pwani ya kusini ya Tanganyika ya Wajerumani ilionekana barua iliyokuja kujulikana kwa jina la Barua ya Makka, nayo ilikuwa ya sampuli hiyohiyo: ndoto, mtunza kaburi la Mtume (s.a.w.), onyo la Kiama na wito wa kutubu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka mmoja tu nyuma. Wajerumani wakaingiwa na hofu, wakadhani huo ni mwito wa kuasi, wakaanza kuzikusanya nakala na kuwapeleleza walimu wa vyuo. Serikali haikujali kama Sheikh Ahmad ameota kweli au hakuota. Iliuliza: nani ameileta, na ameipata kwa nani? Ajabu ni kuwa hilo ndilo swali la kwanza la wanavyuoni wa hadithi, ingawa wao wanaliuliza kwa ajili ya dini na yule aliliuliza kwa ajili ya bunduki.

Maulamaa hawakunyamaza. Sheikh Muhammad Rashid Rida, mwenye jarida la Al-Manar la Misri lililoanza mwaka 1898, aliubainisha ubatilifu wake. Baada yake Sheikh Abdul-Aziz bin Baz, Mufti wa Saudi Arabia aliyefariki mwaka 1999, aliuandikia risala mahsusi, na katika risala hiyo anasimulia kuwa waliulizwa watu wa karibu wa huyo Sheikh Ahmad wakakanusha kuwa amepata kuyasema maneno hayo. Risala hiyo imechapishwa mara nyingi, imefasiriwa na kugawiwa bure. Na wasia bado unatembea.

Sina budi kukiri kitu. Nilipokuwa mtoto chuoni mwalimu wetu alitupa nakala moja ya wasia huo, iliyokwisha fifia kwa kunakiliwa, akatuamuru kila mmoja anakili mara kadhaa tuzigawe siku ya Ijumaa. Nilikuwa na hati nzuri kuliko wenzangu, nikanakili na zao. Mwalimu yule alikuwa mcha Mungu, Allah amrehemu. Alifanya alilodhani ni kheri. Lakini ninapoitazama ile kazi leo, naona jambo moja ambalo wakati ule halikunipitikia kabisa. Hakuna hata mmoja wetu aliyeandika chini ya karatasi: nimeinakili mimi fulani, kutoka kwa fulani. Tulinakili kila herufi, hata makosa ya imla, isipokuwa majina yetu.

Tuutazame sasa wasia wenyewe kwa mizani ya elimu. Kwanza, ni ndoto. Kumwona Mtume (s.a.w.) usingizini ni jambo lililothibiti katika hadithi sahihi, wala hatulikanushi. Lakini Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika sherehe yake ya Sahih Muslim kuwa ndoto haithibitishi hukumu ya kisharia, kwa sababu sharti la mpokezi ni awe macho na mwenye udhibiti wa anachokisikia, na aliyelala hana sifa hiyo. Zingatia kuwa Nawawi hamkadhibishi mwotaji. Anasema tu kwamba hata akiwa mkweli, hapokelewi kama mpokezi wa sharia. Na huyu wetu hajulikani hata kama yupo.

Pili, ahadi yake. Ibnul-Qayyim katika kitabu chake Al-Manar al-Munif ametaja miongoni mwa alama za hadithi ya kubuni kuwa ni thawabu kubwa kupita kiasi kwa kitendo kidogo. Hapa kasri la Peponi linatolewa kwa kunakili ukurasa mmoja, na siku hizi kwa kubonyeza kioo mara mbili. Qur'ani yenyewe, mwenye kuinakili yote kwa mkono wake hakuahidiwa kuwa deni lake litalipwa. Tatu, kumkufurisha mwenye shaka juu ya maneno ya mtu asiyejulikana ni jambo kubwa mno, na peke yake linatosha kuuporomosha wasia wote.

Wapo wanaosema: "Sheikh, lakini unahimiza sala na toba, ubaya uko wapi?" Hoja hii ni kongwe. Nuh bin Abi Maryam, katika karne ya pili Hijria, aliulizwa amezitoa wapi zile hadithi za fadhila za sura moja moja. Akajibu kuwa aliwaona watu wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na vita vya Ibn Is'haq wakaiacha Qur'ani, ndipo akazitunga akitarajia malipo. Laqabu yake ilikuwa "al-Jami'", yaani mkusanyaji, kwa kuwa alikusanya elimu za kila namna. Ibn Hibban akasema kuwa kweli alikusanya kila kitu isipokuwa ukweli.

Sasa nije kwenye kile chombo. Tangu mwaka 2018 WhatsApp huweka alama juu ya ujumbe uliopelekwa kutoka kwa mtu hadi mtu, na baadaye ikaongeza mishale miwili kwa ule uliopita mikononi mwa watu watano au zaidi. Mwaka 2019 ikapunguza idadi ya mahali ambapo mtu anaweza kuupeleka ujumbe kwa mara moja, na Aprili 2020, wakati wa maradhi ya korona, ule wenye mishale miwili ukazuiwa usipelekwe zaidi ya mahali pamoja kwa mara moja. Mwanafunzi wa mustalahul-hadith akiitazama mishale ile atacheka, kisha atahuzunika. Chombo kinakiri kuwa habari hii imepita kwa watu wengi, lakini hakitaji hata mmoja. Sisi tumerithi elimu iliyotunza jina la kila mpokezi, mwaka aliokufa, mji aliouhama, na kama kumbukumbu yake ilichafuka uzeeni. Abdullah bin Mubarak aliiona sanadi kuwa ni sehemu ya dini yenyewe, kwani bila hiyo kila mtu angesema atakalo. Maneno yake haya yamo katika utangulizi wa Sahih Muslim. Leo mjukuu wa elimu hiyo anapokea habari ambayo wapokezi wake wote ni majhuli, na anaandika "amin".

Lipo kosa jingine hapa ambalo nimelisikia hata kwa watu waliosoma. Mtu anasema: "Ujumbe huu nimetumiwa katika makundi sita, haiwezekani watu wote hao wakasema uongo." Anadhani ameshika mutawatir. La, hasha. Mutawatir ni habari iliyopokewa na wengi kutoka kwa wengi katika kila tabaka, mpaka mwisho wake iishie kwa wengi walioona au kusikia wenyewe. Hawa wa makundi sita, hata wawe milioni, wote wamechota katika ndoo moja. Wingi umekuja mwishoni, na mwanzoni kuna mtu mmoja, naye hatumjui. Hiyo ni habari ya mtu mmoja asiyejulikana hata ikiwa imefika kila nyumba ya mwambao.

Allah (s.w.) katika Surat An-Nisaa aya ya 83 amewalaumu watu ambao ikiwafikia habari ya amani au ya hofu huitangaza papo hapo, na akabainisha kuwa lau wangeirudisha kwa Mtume na kwa wenye mamlaka miongoni mwao, wangeijua wale wenye uwezo wa kuichimbua. Kitenzi kilichotumika hapo, adhaa'uu, ndicho kilichotupatia neno letu "idhaa". Na neno istinbaat limetokana na nabat, yaani maji ya kwanza yanayotoka kisima kinapochimbwa. Aya imeweka mbele yetu vitendo viwili: kutangaza na kuchimba. Wa kwanza hauhitaji jasho.

Wasia wa Sheikh Ahmad, hata hivyo, ni mfano mwepesi kwa sababu uongo wake uko wazi. Uzito uko katika yale ambayo watu wanapeana kila siku ndani ya makundi hayo bila nia ya kudanganya: rai zao, uzoefu wao, na jambo walilolisikia mahali. Na hapa lazima niwe mwadilifu, kwa sababu nimesikia khutba zinazoharamisha mazungumzo hayo yote kwa pamoja, na mara nyengine khatibu huyohuyo akishuka mimbari huitoa simu mfukoni.

Katika kundi letu, fundi bomba mmoja alitueleza kwa sauti ya dakika mbili kwa nini tangi la udhu linavuja kila masika, na tukaokoa fedha za msikiti. Muuguzi mmoja aliwaeleza wenye kisukari dalili ambazo wakiziona ndani ya Ramadhani wasisubiri magharibi. Hiyo ni elimu, na fiqhi inaitambua. Katika hadithi aliyoipokea Muslim juu ya uchavushaji wa mitende, Bwana Mtume (s.a.w.) aliwaachia watu wa Madina mambo ya dunia yao kwa kuwa wao ndio wanaoyajua. Na mafaqihi wetu wa Kishafi, wanapozungumzia mgonjwa anayehofia maji, humruhusu kutayamamu kwa kauli ya tabibu mwadilifu. Yaani hukumu ya ibada inasimama juu ya rai ya mtu wa kawaida mwenye ujuzi wake! Lakini tabibu huyo anajulikana ni nani, na anazungumzia mwili. Akimaliza kuuzungumzia mwili, faqihi ndiye anayezungumzia sala.

Balaa huanza pale muuguzi anapojibu suala la talaka, na fundi bomba anapomrekebisha muuguzi.

Alikuja kwangu kijana mmoja baada ya Alfajiri, simu mkononi. Alikuwa amemtamkia mkewe talaka tatu katika kikao kimoja, wakiwa katika ugomvi. Badala ya kwenda kwa kadhi, aliliandika suala lake katika kundi lenye watu zaidi ya mia mbili. Ndani ya saa moja alipata majibu zaidi ya thelathini. Mmoja alimwambia kuwa tatu ni moja, na hiyo ni kauli inayojulikana ya Ibn Taymiyya, ingawa mjibu hakumtaja wala sidhani kama alimjua. Mwengine akasema talaka ya hasira si talaka. Mwengine akasema mke ameshaharamika mpaka aolewe na mume mwengine. Wa nne, na hapa niliiomba simu niisome kwa macho yangu, alijitolea kumtafutia mtu wa kumwoa kwa usiku mmoja, jambo ambalo mwenye kulifanya amelaaniwa katika hadithi. Kijana akachagua jibu jepesi. Alipokuja kwangu walikuwa wameishi pamoja miezi minne, na mkewe ameanza kuona kichefuchefu asubuhi.

Nilihesabu. Katika wote waliojibu, hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali. Ulitamka lafudhi gani? Ulikusudia nini? Ulikuwa umeshamwacha kabla ya hapo? Mkeo alikuwa katika hali gani? Ibn Salah na Nawawi wameandika kwa urefu juu ya adabu za mwenye kutoa fatwa na mwenye kuiomba, na moja ya adabu hizo ni kwamba suala lenye sura nyingi halijibiwi kwa jumla mpaka mufti apambanue. Kundi lilijibu maandishi, halikumjibu mtu. Niliwapeleka wote wawili kwa kadhi, na hukumu yake ni yao, haihusiani na makala haya.

Kila ninapomkumbuka kijana yule hunijia kisa alichokipokea Abu Daud kutoka kwa Jabir. Mtu mmoja safarini alipasuliwa kichwa na jiwe, kisha akaota akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama wanaona ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hawamwoni na ruhusa madhali maji anayaweza. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika, akasema kuwa wao ndio waliomuua, na kwa nini hawakuuliza ikiwa hawajui, kwani dawa ya kutojua ni kuuliza. (Wanavyuoni wa hadithi wameitia kasoro ile ziada ya kupaka maji juu ya kitambaa cha jeraha, asili ya kisa imekuja pia kwa njia ya Ibn Abbas.) Wale hawakuwa waovu. Walikuwa masahaba, wasafiri wenzake, na walimjibu kwa kumtakia ibada iliyotimia. Mauti yake hata hivyo yaliandikwa juu yao.

Ndiyo maana waliowafuata waliiogopa fatwa. Abdur-Rahman bin Abi Layla anasimulia kuwa aliwakuta masahaba 120 katika Ansari. Mmoja wao akiulizwa humrejesha muulizaji kwa mwenzake, na huyo kwa mwengine, mpaka suala humrudia wa kwanza. Na Imam Malik aliulizwa masuala 48, katika 32 akasema hajui. Niliwahi kuieleza habari hii ya Malik katika darsa, na siku ya pili yake nikaulizwa kwa simu masuala manne. Nikajibu matatu kabla sijamaliza chai. La tatu nililijibu vibaya, na ilinibidi nimtafute muulizaji siku nzima.

Lawama kubwa, kwa hivyo, siitupi kwa watu wa kawaida. Wao wanauliza pale wanapopata jibu. Kijana yule aliniambia kuwa alikwenda mara mbili kwa sheikh mmoja hakumkuta, na mara ya tatu alikutwa na wageni. Kundi lilimjibu saa sita usiku. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoona Mombasa ya zama zake imejaa maneno ya barazani yasiyo na mwenyewe, hakuiharamisha baraza. Mwaka 1930 alianza kutoa Al-Sahifa, na mwaka 1932 Al-Islah, akaandika kwa Kiswahili watu waelewe, na kila mtu wa mji alijua hayo ni maneno ya nani na wapi pa kwenda kumhoji. Sisi tunacho chombo kinachofika Kigoma na Maskati kwa nukta moja, na wengi wetu tunakitumia kupeleka picha za "Ijumaa Karim" zenye maua.

Jengine ni darsa zinazokatwa. Mwenyewe nimewahi kuletewa sauti yangu ya sekunde arubaini juu ya kupaka maji juu ya soksi. Hukumu imo, masharti yake yamebaki katika zile dakika hamsini zilizotupwa. Aliyeikata hajulikani, lakini sauti ni yangu, na aliyesali kwa hukumu ile iliyokatwa atanitaja mimi.

Narudi kwenye usiku ule wa wasia. Niliandika katika kundi sahihisho fupi, nikaliweka jina langu, jina la mwalimu niliyesoma kwake na mahali ninapopatikana baada ya Laasiri. Yule imamu aliifuta "amin" yake, Allah amlipe. Kisha nilimpigia simu aliyeutuma, nikamuuliza kwa upole ameupata kwa nani. Akasema kwa shemeji yake aliyeko Maskati. Nikaomba namba, nikampigia. Shemeji akasema ameupata kwa mwenzake wa kazini, naye akaniunganisha naye, mtu mwema, akanisikiliza. Huyo akasema aliukuta katika kundi la watu mia tatu na ushei. Tukatafuta pamoja, yeye akinisomea majina. Namba iliyouweka ilikuwa imekwisha ondoka katika kundi, na nilipoipiga haikuwa ikitumika tena.